Pikipiki Mbili, Simu Moja

Nilianza kumfahamu kwa mifuko. Aliingia dukani kwangu karibu na soko la Mbinga akiwa na kipande cha turubai la lori begani, akakitandaza sakafuni juu ya vitambaa vyangu vya sare za shule bila kuomba ruhusa, akapiga magoti na kuanza kuchora kwa chaki.

"Fundi," akasema, "nataka mifuko miwili. Ikae ubavuni mwa pikipiki, isiguse bomba la moshi, isizidi upana wa usukani. Sindano yako inapita turubai?"

Nikamwambia inapita.

"Inapita mara ngapi kabla haijavunjika?"

Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisimamisha cherehani nikamtazama vizuri. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu zimenyolewa mpaka ngozi inang'aa, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Mji mzima ulimwita Mkaguzi, kwa sababu miaka thelathini alikuwa amekagua shule, kuanzia huku kwetu milimani kwenye kahawa mpaka kule chini ziwani kwa wavuvi. Alikuwa amestaafu mwaka ule. Mke wake naye alimwita Mkaguzi, na mimi sitamwita vingine.

Nilimshonea mifuko ile, nikamshonea mingine kila kiangazi kwa miaka sita, maana kila mwaka alikuwa na safari, na kila safari ilimwonyesha kosa katika mifuko ya mwaka uliotangulia. Pikipiki yake ilikuwa ndogo, aina ile ile wanayoendesha vijana wa bodaboda. Kwa pikipiki hiyo alishafika Kigoma, alishafika Tanga, alishafika Mtwara kupitia Tunduru. Watu walimcheka kwamba mzee mzima anahangaika na vumbi wakati mabasi yapo. Yeye aliwajibu kwamba basi linampeleka mtu asione kitu.

Ukitaka kumjua ilibidi umwone akifunga mzigo. Wiki mbili kabla ya kuondoka alitandika mkeka uani kwake akapanga kila kitu juu yake: tyubu mbili, viraka na gundi, pampu ya mkono, spana tano, plagi iliyoviringishwa kwenye kitambaa, koti la mvua, suruali mbili, mashati mawili, sufuria moja ndogo, chupa ya oili. Halafu alipita katikati ya vitu hivyo mikono ikiwa nyuma, kama alivyopita katikati ya madawati, akikiuliza kila kimoja: "Wewe ni wa siku gani?" Tyubu ilikuwa ya siku ya pancha, na koti lilikuwa la siku ya mvua. Kitu ambacho jibu lake lilikuwa "labda", alikitupa nje ya mkeka kwa ncha ya kiatu. "Labda hapandi pikipiki yangu," alisema. Nimemwona akimrudisha labda wa sabuni ya pili, labda wa sweta, na mwaka mmoja labda wa Biblia, ingawa Jumapili hakukosa misa.

Kilichobaki alikipeleka kwenye chama cha wakulima, kwenye mizani ya kupimia kahawa. Alipanga foleni na watu wenye magunia yao, ikifika zamu yake anapachika mfuko wa kushoto, anasoma, anapachika wa kulia, anasoma. Ikiwa mmoja umezidi hata nusu kilo, anachuchumaa pale pale kuhamisha spana. Wakulima walilalamika. Yule karani wa mizani alishamzoea, akimwambia, "Mkaguzi, kahawa yako mwaka huu ni nyepesi," naye hacheki.

Vizito vikae chini na mbele, karibu na mapaja ya dereva. Vyepesi nyuma, kwenye keria. Kamba asiitumie kabisa; alitumia mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, kwa sababu kamba hulegea barabara ikitikisa, mpira huvuta. Kebo ya akiba ya klachi hakuiweka mfukoni, aliipitisha pembeni mwa ile inayofanya kazi, imeshafungwa tayari, ili ya kwanza ikikatika aunganishe ya pili hapo hapo barabarani. Aligonga spoki moja moja kwa spana akisikiliza mlio. Mwisho kabisa aliteremka na mzigo wote mpaka Mbamba Bay, akizipinda kona zile zote za mlimani, akanywa chai bandarini, akapanda tena. Akirudi bila kifundo kilicholegea, ndipo alipotangaza siku ya kuondoka.

Nilimheshimu kwa hayo. Sisi mafundi tunawaheshimu watu wanaojua kwamba mshono wa ndani, usioonekana, ndio unaoshika nguo.

Lakini walimu waliomfahamu kabla yangu walikuwa na habari zao. Mmoja, mwalimu mkuu wa shule moja ya milimani, alikuja kushonesha suti, akaona turubai la Mkaguzi mezani, akanisimulia. Mkaguzi alifika shuleni kwake asubuhi moja bila taarifa, kama kawaida yake, akamkosa. Walimu wakamweleza kwamba mwalimu mkuu anamzika mtoto wake, jana yake tu mtoto amefariki. Mkaguzi akakagua madarasa yote, akaandika kwenye taarifa: Mwalimu mkuu hayupo kituoni. Akafunga daftari, akapanda pikipiki, akaenda msibani. Alikaa na waombolezaji mpaka jioni. Alibeba maji kutoka mtoni pamoja na vijana, mzee na cheo chake, na kaburini alishika chepeo. Taarifa haikubadilika. Yule mwalimu alipata barua ya onyo, akahamishwa.

"Nilimfuata kumuuliza," mwalimu aliniambia. "Akanijibu, 'Taarifa ni taarifa, msiba ni msiba. Mimi nimevihudumia vyote viwili.'"

Nilicheka siku ile. Nasema kweli, nilicheka, nikaona ni kituko cha mzee.

Huruma alikuwa nayo, tena si ya maneno. Kwa miaka mingi alibeba maboksi ya chaki kwenye keria kuwapelekea walimu wa shule za ziwani ambazo gari halikuzifikia wakati wa masika. Mama mmoja wa Liuli aliniambia kwamba Mkaguzi alimbeba mgongoni mwa pikipiki akiwa na uchungu wa kuzaa mpaka hospitali ya misheni, akiendesha taratibu kama anabeba mayai, akimhesabia pumzi kwa sauti. Mtoto akazaliwa salama, na Mkaguzi hakungoja hata kushukuriwa.

Mke wake ndiye aliyenionya. Nilikwenda kwao kupima keria mpya, nikamkuta Mama Mkaguzi anaanika kahawa uani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, shamba lote la kahawa lilikuwa mikononi mwake.

"Mwanangu," aliniambia, "nasikia unataka kwenda naye mwaka huu."

"Ndiyo mama. Tunakwenda Mwanza."

"Huyu akiondoka hageuki kutupungia mkono. Zamani nilidhani ni maringo." Akageuza buni kwa kiganja. "Si maringo. Akishawasha, sisi tumekwisha. Macho yake yanabaki kule anakokwenda tu. Ukimfuata, ujue kwamba atakayefika ni yeye."

Nilidhani ni wivu. Mjini watu walikuwa wameshaanza kusema, mwanamke aliyeachika, wa miaka thelathini na kitu, anafuatana na mzee wa watu barabarani siku kumi. Nikamhesabu Mama pamoja na wasemaji wengine.

Nilikuwa na pikipiki yangu, kuukuu, niliyoitumia kufuata vitambaa Songea. Mkaguzi ndiye aliyeniambia kwamba pikipiki inayofika Songea inafika popote, ni suala la kurudia Songea mara kumi na tano. Sijui kama mtu ambaye hajashinda maisha yake mbele ya cherehani, akitazama ukuta, anaweza kuelewa maneno yale yalinifanya nini. Miezi mitatu alinifundisha. Nilifungua gurudumu la nyuma uani kwake mpaka mikono ikajua yenyewe. Nilijifunza kusikia mnyororo uliokauka. Nilijishonea mifuko yangu mwenyewe, na aliponikagua mshono akitafuta kosa na asilipate, nilifurahi kama mwanafunzi wa darasa la pili.

Niliishi na mama yangu na mdogo wangu wa kiume, mtu mzima mwenye mke. Mama alikuwa anasumbuliwa na kifua. Si ugonjwa wa kulala kitandani. Kikohozi cha baridi ya Mbinga, tulivyodhani, kinakuja kinaondoka. Nilipomwambia nitaahirisha, alikataa.

"Nenda," alisema. "Mimi nimeishia Songea maisha yangu yote. Utanisimulia hilo ziwa la huko likoje, kama linalizidi hili letu."

Siku ya kuondoka, Mkaguzi alikuja kwetu alfajiri kukagua mzigo wangu kwa mara ya mwisho. Mama alikuwa amenifungia mahindi ya kukaanga na usipa mkavu, dagaa wa ziwa letu, kwenye kitambaa. Mkaguzi alikishika kifurushi, akakipima kwa mkono, akakiweka juu ya ukuta wa baraza. "Chakula kipo njiani kote, mama," alimwambia kwa adabu. Mama akacheka, akasema haya. Kisha Mkaguzi akaiona simu yangu.

"Hii inakula chaji kila siku," alisema. "Utaitafutia umeme kila tunapolala. Yangu ya vitufe inakaa siku tano. Simu moja inatosha watu wawili. Mpe mdogo wako namba yangu."

Ilikuwa na maana. Kila alichosema kilikuwa na maana. Nikaiacha simu mezani, nikamwandikia mdogo wangu namba ya Mkaguzi kwenye kipande cha karatasi ya kukatia nguo, nikamwamkia mama mara ya mwisho bila kujua kuwa ni ya mwisho. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Endesha polepole."

Mkaguzi alinitanguliza mbele. Siku zote za safari mimi nilikuwa mbele na yeye nyuma yangu, na nililichukulia kuwa ni heshima, mwalimu anamwachia mwanafunzi njia. Siku ya kwanza tulipita Songea, tukapanda vilima vya Lukumburu, tukalala Njombe tukitetemeka kwa baridi, kila mtu chumba chake. Siku ya pili tulifika Iringa mapema. Jioni tukiwa tunakula wali nilimuuliza, kama nilivyomuuliza jana yake, "Nyumbani kuna salamu?"

"Wanasalimia," alisema, akaendelea kula.

Dodoma nilimuuliza. Wanasalimia. Singida, kwenye upepo ule usiokoma na majabali yale makubwa, nilimuuliza tena, akasema wanasalimia tu. Shinyanga sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na furaha mno. Nilikuwa nimeziba pancha peke yangu kando ya barabara, Wasukuma wawili wakinitazama, na Mkaguzi amekaa kwenye kivuli cha pikipiki yake hakuninyooshea hata spana. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Nimejaribu kuichukia siku hiyo nimeshindwa.

Siku ya sita, saa nane mchana, tulifika Mwanza. Tulishuka mpaka ukingoni mwa ziwa, mahali penye mawe, tukaegesha pikipiki bega kwa bega. Mkaguzi alivua helmeti, akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini na suruali yake. Alisimama pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nafikiria nitakavyomsimulia mama: kwamba maji yake si ya buluu kama ya kwetu, na milima ng'ambo huioni.

Alipotoka majini alitoa simu kwenye mfuko wa shati, akanipa. Akasema neno moja tu: "Soma."

Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa siku ya pili, mchana. Shikamoo Mkaguzi. Mwambie dada mama amezidiwa, tumempeleka hospitali, anamwulizia. Arudi. Mchana ule tulikuwa Iringa, kwenye kituo cha mafuta. Nilikumbuka kwamba alisogea pembeni kidogo, nikadhani anatafuta kivuli. Kutoka Iringa, ningeacha pikipiki nikapanda basi la asubuhi, jioni yake ningekuwa Songea.

Wa pili ulikuwa wa siku ya tatu. Mkaguzi tafadhali, dada ameshaondoka huko? Yeye alikuwa amejibu: Tuko njiani.

Wa tatu ulikuwa wa siku ya nne. Mama ametutoka leo asubuhi. Tumsubiri dada? Na chini yake jibu lake, lenye nukta na herufi kubwa mahali pake, kama taarifa ya ukaguzi: Poleni sana. Yuko mbali. Msimsubiri. Zikeni.

Niliyasoma maneno hayo mara tatu. Nilimwuliza, "Walimzika lini?"

"Jana."

"Jana mimi nilikuwa naziba pancha."

"Uliziba vizuri," alisema. Naapa ndivyo alivyosema.

Sikumpigia kelele. Watu wanaponiuliza huwa wanataka niwe nilipiga kelele, nilimtupia jiwe. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia kwamba angeniambia Iringa ningeendesha nikilia, na mtu anayeendesha akilia anakwenda chini ya lori. Kwamba alimwahidi mama yangu kunilinda. Nikamwambia Iringa kuna mabasi. Nilimrudishia simu yake. Nilifungua mifuko yangu nikaifunga upya, peke yangu, vizito chini na mbele, nikawasha. Mama alikuwa ameshazikwa, haraka ya basi ilikuwa ya nini tena? Nilirudi kwa pikipiki, siku tano.

Yeye alirudi baada ya wiki mbili, kwa basi, pikipiki ikiwa juu ya lori la mizigo. Aliwaambia watu injini ilimsumbua. Hakusafiri tena. Mimi nilidhani ni aibu iliyomsimamisha, na kwa miaka ile yote hilo lilinipa faraja kidogo. Nilipoona anakuja upande wa soko nilishusha pazia la duka. Mama Mkaguzi alikuja kunipa pole, akakaa kwenye benchi, hakuniambia, "Nilikuonya." Alipofariki, miaka mitatu baadaye, nilikwenda kumzika, nikaketi upande wa wanawake, nikaondoka bila kumpa mzee mkono.

Mdogo wangu hakunilaumu kwa maneno. Aliniambia jambo moja tu: kwamba siku ile ya tatu, walipopata lile jibu la tuko njiani, walimwambia mama dada yuko njiani, na mama akaomba wamkalishe kitandani wamsukie nywele.

Mwaka jana, binti yake Mkaguzi, aliyeolewa Lundo, alinipigia. Baba yake anaishi kwake sasa. Ni mgonjwa, na anaomba nimtembelee. "Kila siku anamtaja Fundi," alisema. "Sijui mlikosana nini, dada. Njoo tu." Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda, sijui kwa nini. Labda nilitaka kumwona akiwa mnyonge.

Niliteremka kwa pikipiki hadi Mbamba Bay, nikafuata njia ya kandokando ya ziwa mpaka Lundo. Nilimkuta barazani, kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja umevimba, ndevu hazijanyolewa. Macho yake yalikuwa meupe.

"Shikamoo Mkaguzi."

"Marahaba, Fundi." Alijua sauti. "Umekuja na ile ile?"

"Ile ile."

"Mnyororo unalia. Tia oili."

Nikakaa. Binti yake alituachia maji ya kunywa akaingia jikoni. Tulizungumza mvua, kahawa, mkwewe ambaye sasa anabebea samaki kwenye ile pikipiki yake mpaka sokoni. Halafu nikaona kwamba nimekuja mbali na sitaki kuzungumza mvua.

"Kwa nini hukuniambia Iringa?"

"Nilikujibu siku ile. Ungeanguka."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejifunza kwake jinsi ya kunyamaza mpaka mtu mwenyewe aendelee.

"Nilitaka kufika," alisema hatimaye. "Nilikuwa sioni, Fundi. Tangu mwaka uliotangulia. Daktari aliniambia ni macho, yanakwenda, hayarudi. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Cha karibu nilikiona bado; mbali naona umbo, naona rangi. Mifuko yako ulikuwa umeishona kwa turubai la kijani. Nilikuwa naifuata ile kijani. Ungegeuka Iringa, nami ningeishia Iringa. Na ilikuwa ndiyo safari yangu ya mwisho ya kuona chochote."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye majani ya mihogo.

"Kwa hiyo ulitumia macho yangu," nikasema.

"Ndiyo."

"Na mama yangu akafa ananiulizia."

"Ndiyo." Hakujitetea. Angejitetea ningemwelewa zaidi. "Sikuombi unisamehe. Ningekuwa pale tena, sijui kama ningefanya tofauti. Hilo ndilo linalonisumbua, na nimeona nikuambie kama lilivyo."

Nimeishi nikidhani kwamba ukweli ungenipunguzia kitu. Haukunipunguzia chochote. Lile la kuanguka chini ya lori lilikuwa uongo, lakini ndani yake mimi nilikuwa mtu aliyetunzwa. Katika huu ukweli wake nilikuwa kipande cha turubai la kijani.

"Sasa mimi nina ombi," alisema. Akasogeza kiti karibu nami. "Ulirudije? Siku tano, peke yako. Sijawahi kusikia. Hapa nilipo sina kitu kingine cha kufanya ila kupita zile barabara kichwani. Nazipita zote, Kigoma, Tanga, zote. Ile ya kwako tu siijui. Nisimulie."

Nikaanza. Mtu mgonjwa akikuomba, mdomo unaanza wenyewe. Nilimsimulia nilivyolala Nzega kwenye nyumba ya wageni isiyo na maji, nilivyopigwa na upepo kabla ya Singida mpaka nikaendesha nimeinama kama mzee, mvua isiyo ya msimu iliyonikuta baada ya Dodoma. Aliuliza maswali. Plagi ilisumbua? Uliweka petroli wapi? Ule mteremko wa kuingilia Mtera uliushuka kwa gia ya ngapi? Uso wake ulikuwa umefunguka, midomo inatembea pamoja na yangu, nikaona kwamba anaendesha. Alikuwa na furaha. Alikuwa mbele ya ziwa lake tena na suruali imelowa magotini.

Nikafika Makambako. Kutoka Makambako kuja nyumbani kuna mambo yaliyonipata ambayo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu. Kuna mahali huko Lukumburu niliposimamisha pikipiki, na yaliyotokea hapo ni kati yangu na mama yangu.

"Makambako nilikunywa chai," nikasema. Nikasimama.

"Halafu?"

"Halafu nilifika nyumbani."

"Makambako mpaka Mbinga ni siku nzima, Fundi. Lukumburu je? Ulikuta ukungu?"

Binti yake akatoka na maji ya kunawa, na ugali wa muhogo, na samaki wa ziwani, mbasa wa kuchemsha. Kukataa chakula kwenye nyumba ya mgonjwa sikuweza. Tulikula watatu. Alipomaliza kunawa, aliuliza tena, taratibu, mbele ya binti yake, kama kulikuwa na ukungu.

"Mwambie, dada," binti akasema. "Baba anapenda sana habari za barabara."

"Nitakuja Jumamosi," nikasema. "Nitamalizia Jumamosi."

Mkaguzi alikuwa amesikiliza walimu wakidanganya kwa miaka thelathini. Aligeuza uso kidogo kuelekea kwangu, akasema, "Sawa, Fundi. Jumamosi."

Jumamosi nilifungua duka saa moja. Kulikuwa na sare za wanafunzi za kumaliza, nikazishona. Saa tano hivi simu ililia, binti yake. Baba ameamka mapema akaomba anyolewe, alisema, amekaa barazani tangu asubuhi, kila pikipiki ikipita anainua kichwa. Dada umefika wapi?

Nikamwambia nimezidiwa na kazi, amwombee radhi.

Hakukata simu. Nilisikia miguu yake ikitembea, nikasikia akimfikishia mzee maneno yangu. Kisha nikasikia kiti cha plastiki kikiburutwa kuingizwa ndani.